Jinsi Jaji Awezavyo Kuondolewa Kazini

Mtu akishindwa shauri la shamba katika Mahakama Kuu huko Mbeya au Iringa, huenda akarudi kijijini akisema, "Jaji yule hafai, na aondolewe." Maneno hayo hutoka katika uchungu; lakini yafaa wazee, walimu na kila ajuaye kusoma wafahamu sheria isemavyo.

Zamani za utawala wa Kiingereza watemi waliamua mashauri katika mabaraza ya wenyeji, na Serikali iliweza kumwondoa mtemi kwa amri yake. Kwa jaji wa leo sivyo. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 110A, yasema jaji aweza kuondolewa kwa sababu hizi tu: ameshindwa kazi kwa maradhi au sababu nyingine, au ana tabia mbaya inayovunja maadili ya kazi yake au ya viongozi wa umma.

Njia yake ni hii. Kwanza, Rais akiona kuna jambo la kuchunguzwa, huunda Tume ya mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Mwenyekiti, na walau nusu ya wajumbe hao, sharti wawe majaji katika nchi za Jumuiya ya Madola. Pili, Rais aweza kumsimamisha jaji kazi baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Kusimamishwa si kufukuzwa. Tatu, Tume huchunguza na kutoa shauri lake. Ikisema aondolewe, Rais humwondoa. Ikisema asiondolewe, hurudi kazini.

Tutazame jirani zetu wa Kenya, ambao sheria yao yafanana na yetu kwa sehemu. Januari 2012 Rais Mwai Kibaki alimsimamisha Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza, aliyelalamikiwa kumtendea vibaya mlinzi mmoja mjini Nairobi. Tume iliongozwa na Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Agosti ilishauri aondolewe. Akakata rufani, kisha Oktoba akajiuzulu. Basi cheo kikubwa hakikumkinga, wala hakuondolewa pasipo kusikilizwa.

Kwa nini njia ni ndefu hivi? Kwa kuwa jaji aogopaye kufukuzwa hawezi kuamua kwa haki kati ya maskini na tajiri, wala kati ya raia na Serikali.

Basi tutenganishe mambo mawili. Ukiona hukumu ina kosa, dawa yake ni rufani, tena mapema, maana siku za rufani zina kikomo. Ukiona mwenendo mbaya, kama rushwa, hapo ndipo pa kulalamika. Malalamiko juu ya mahakimu hupokelewa na Kamati za Maadili, ambazo Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa ni wenyeviti wake.

Enyi wazee na walimu, waelezeni watu haya, asije mtu akapoteza shamba lake kwa kushika njia isiyo yake.