Vidole vianze kusoma

Swali: Binti yangu wa miaka minne haoni. Nimwandaeje kwa shule?

Jibu: Mama, anza na vidole. Mpe achambue maharage na choroko, apapase khanga na gunia. Kisha kata kipande cha trei ya mayai chenye vishimo sita: safu wima mbili za vitatu vitatu. Huo ndio mpangilio wa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Akiweka ndimu kwenye kishimo cha juu kushoto, ameandika a. Akiongeza nyingine chini yake, b. Tafadhali, usiukamate mkono wake na kuuburuza! Weka wako chini ya wake, aufuate kwa hiari. Picha zifanye kwa uzi na gundi, kitu kimoja kila karatasi. Picha ikijaa vitu vingi, vidole hupotea.