Dondoo muhimu: Kumwelekeza mgonjwa wa kiharusi anayejifunza kutembea upya

Mwamkie kwanza. Mzee ambaye ulimi umekuwa mzito bado anastahili shikamoo.

Toa agizo moja, kisha nyamaza usubiri. Ukilirudia haraka, mgonjwa ambaye kiharusi kimeathiri lugha yake hulazimika kuanza upya kulielewa. Mwonyeshe kwa mguu wako mwenyewe.

“Kunja goti, inua kisigino, nyoosha mgongo” ni mengi mno kwa hatua moja. Bandika utepe sakafuni, umwambie: “Mama, vuka mstari huu.”

“Vizuri sana” haitoshi, taja kilichobadilika: “Safari hii hukuburuta mguu wa kushoto.”

Kwa asiyeweza kusema, kubalianeni naye ishara ya “nimechoka” kabla hajasimama. Ndugu anayemleta kliniki naye ajifunze maneno yaleyale, maana nyumbani ndiye atakayemwelekeza.