Anayepanda Mlima Hapandi Peke Yake

Kupumzika ni jambo jema. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kutua mzigo wake, kuziacha kelele za mji, na kwenda pamoja na watu wa nyumbani mwake mahali penye hewa safi. Lakini kila jambo jema lina sheria yake, na mtu akiisahau, raha yaweza kugeuka msiba kwa muda wa saa moja. Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mahali pamoja huko Ulaya ambapo watu wengi huenda kutembea milimani katika majira ya joto. Huko tutajifunza kwamba mtu apandaye mlima, hata kama haonekani mwenzake njiani, hapandi peke yake.

Mahali penyewe ni milima ya Tatra, iliyo mpakani mwa Polandi na Slovakia. Wapolandi si wageni kabisa kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya wakimbizi wao, wengi wao wanawake na watoto, walitunzwa Tengeru karibu na Arusha, na makaburi ya waliofia huko yapo hata leo. Kwa kimo, milima yao ni midogo ukiilinganisha na ile waliyoiona huku. Rysy, kilele kirefu kuliko vyote katika Polandi, kina mita 2499, nacho Kilimanjaro kina mita 5895. Hata hivyo milima hiyo midogo imekwisha kuchukua roho za watu wengi.

Jicho la Bahari

Mji wa wageni ni Zakopane, kiasi cha kilometa 100 kusini ya Krakow. Zamani kilikuwa kijiji cha wachungaji wa kondoo. Katika miaka ya 1870 daktari mmoja wa Warsaw, Tytus Chałubiński, alianza kuisifu hewa yake, na wagonjwa na wasafiri wakamfuata. Reli ilifika mwaka 1899, na kijiji kikawa mji wa mapumziko. Mwaka 1954 serikali iliamua milima hiyo iwe Hifadhi ya Taifa.

Katika hifadhi hiyo limo ziwa liitwalo Morskie Oko, maana yake Jicho la Bahari. Liko mita 1395 juu ya usawa wa bahari, na kina chake chapita mita 50. Wazee wa huko walisimulia kwamba chini yake ipo njia ya siri iendayo mpaka baharini. Wenye elimu watueleza habari nyingine. Zamani sana, wakati wa baridi kuu, mto wa barafu ulishuka polepole kutoka vileleni, ukalichimba jabali kama bakuli, na mbele yake ukaacha lundo kubwa la mawe. Barafu ilipoyeyuka, maji yakabaki ndani ya bakuli lile. Maji hayo ni ya baridi hata katikati ya majira ya joto, na kuoga ndani yake kumekatazwa.

Kulifikia ziwa si kazi ngumu. Ipo barabara ya lami ya kilometa 9 hivi, ambayo magari ya wageni hayaruhusiwi kupita. Watu huenda kwa miguu muda wa saa mbili au zaidi: wazee wenye bakora, watoto wa shule, akina mama wakisukuma vigari vya watoto wachanga. Mwisho wa barabara ipo nyumba ya wageni, ambamo mtu hupata supu ya moto akiyatazama maji yaliyozungukwa na miamba pande zote. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyezoea kutembea katika milima hiyo tangu ujanani, alifika penye ziwa hili mwezi Juni 1997 alipoizuru nchi yake.

Wepesi huo wa njia ndio humdanganya mgeni. Maana ziwani ndipo inapoanza njia ya pili. Kwanza hupanda hadi ziwa jingine dogo, karibu mita 190 juu ya lile la kwanza, kisha huendelea hadi Rysy, zaidi ya mita 1000 juu ya ziwa la kwanza. Huko juu, minyororo ya chuma imefungwa mwambani ili mtu apate pa kushika. Mgeni aliyefika ziwani kwa viatu vya mjini huwaona wengine wakiendelea, naye husema moyoni, “Kama wale waweza, nami naweza.” Hajui kwamba wale waliondoka alfajiri, wana viatu vya mlimani miguuni, na mavazi ya baridi mgongoni.

Saa ya mlimani

Mlima una saa yake, nayo haifuati likizo ya mtu. Kwa kadiri, kila mita 1000 mtu azipandazo, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Mtu wa Moshi hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu yeye hutokwa jasho sokoni huku akiitazama theluji ya Kibo. Basi mtu aliyeacha joto la nyuzi 28 mjini Krakow aweza kukuta nyuzi 14 juu ya Rysy. Na nguo zake zikilowa mvua, upepo ukavuma, baridi yaweza kumlegeza viungo na akili.

La pili ni radi. Asubuhi ya majira ya joto mara nyingi anga ni safi. Jua likipanda, huipasha moto miteremko, hewa yenye unyevu huinuka, mawingu hujikusanya, na mchana au alasiri ngurumo huanza. Kwa hiyo wenyeji huondoka mapema, na saa sita ikifika wapenda wawe wamekwisha kukipa kilele kisogo.

Tarehe 22 Agosti 2019 watu wengi walikuwa juu ya Giewont, kilele cha mita 1894 kilicho karibu na Zakopane. Juu yake upo msalaba wa chuma wenye kimo cha mita 15, uliosimamishwa na waumini wa mji huo mwaka 1901. Mchana radi ilipiga kilele, na nguvu zake zikapita katika mwamba na katika minyororo iliyoshikwa na watu. Upande wa Polandi walikufa watu wanne, wawili wao watoto, na mtu mmoja alikufa upande wa Slovakia siku hiyohiyo. Waliojeruhiwa walipita 150.

Wale hawakuwa watu wabaya kuliko sisi. Walikuwa wazazi na watoto waliotoka kupumzika. Wala mtu asidhani kwamba radi ingepita kando kwa sababu ya msalaba. Maumbile hufuata sheria alizoyawekea Muumba, nasi tumepewa akili ili tuzijue na kuziheshimu.

Waliokwenda kuwatafuta wengine

Tarehe 8 Februari 1909 Mieczysław Karłowicz, mtunzi mashuhuri wa muziki, alifunikwa na poromoko la theluji katika milima hiyo, naye alikuwa na miaka 32 tu. Kifo chake kiliharakisha jambo lililokuwa likizungumzwa, na mwezi Oktoba mwaka huohuo chama cha waokoaji wa mlimani kikaanzishwa, kikiongozwa na Mariusz Zaruski. Wanachama waliahidi kwa heshima yao kwamba watakwenda kila waitwapo, iwe usiku au mchana, hata hali ya hewa ikiwa mbaya.

Haukupita mwaka mmoja ahadi ile ikajaribiwa. Mwezi Agosti 1910 kijana mmoja alijeruhiwa mwambani, na waokoaji wakaenda kumtafuta. Mvua ilinyesha mno, miamba ikateleza. Zaruski alipoona kwamba atawapoteza watu wake, aliamuru warudi. Klimek Bachleda, kiongozi wa wapanda mlima mwenye umri wa miaka 60 hivi, hakurudi. Aliendelea kupanda kuelekea kwa yule majeruhi, akafa mlimani, na yule kijana naye akafa. Wapolandi wamheshimu Bachleda mpaka leo, nao wafanya vema. Lakini na tumkumbuke mkuu wake pia, aliyebeba uzito wa kusema “turudi”, akawarudisha wengine makwao wakiwa hai.

Tena, tarehe 30 Desemba 2001, waokoaji wawili walikufa kwa poromoko la theluji walipokuwa wakienda kuwasaidia watembezi waliopatwa na ajali. Siku hizi chama kina helikopta na vyombo vingi, lakini bado lazima mtu ashuke kwa kamba, aukanyage mwamba, ambebe majeruhi. Upande wa Polandi aliyeokolewa hadaiwi fedha. Upande wa Slovakia hudaiwa. Hata pale ambapo hadaiwi, gharama ipo: yupo mke wa mwokoaji asiyelala, nao watoto wanaouliza baba atarudi lini.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Mtu asemaye, “Nikifa ni shauri langu,” hasemi kweli. Akipotea, wengine watatumwa kumtafuta. Uzembe wake huwa mzigo juu ya mabega ya watu asiowajua.

Mambo ya kushika

Kwanza, kabla ya kuondoka mwambie mtu njia utakayopita na saa utakayorudi, kisha uifuate njia hiyohiyo.

Pili, tazameni habari za hali ya hewa, na chagueni tangu nyumbani saa ya kugeuka. Saa hiyo ikifika, geukeni, hata kama kilele chaonekana karibu.

Tatu, mwendo wa familia ni mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote. Baba asitangulie na kuwaacha wengine nyuma.

Nne, chukueni viatu vyenye soli imara, sweta, koti la mvua, chakula, maji, kurunzi na filimbi, hata jua likiwaka.

Tano, mkisikia ngurumo, shukeni mara moja kutoka kileleni na kwenye matuta. Iacheni minyororo, msikae chini ya mti uliosimama peke yake, msikaribie maji. Mkikosa pa kukimbilia, achaneni nafasi, kila mtu achuchumae na miguu yake ikiwa pamoja.

Sita, ajuze kila mmoja ishara ya kuomba msaada ijulikanayo katika milima ya Ulaya: piga filimbi au onyesha taa mara 6 katika dakika moja, ngoja dakika moja, kisha anza tena. Anayejibu hutoa ishara 3 kwa dakika. Kwa simu, katika nchi nyingi za Ulaya namba ya msaada ni 112.

Sisi nasi tunayo milima, na tunalo ziwa la Ngosi katika milima ya Poroto, ambako vijana wetu hupenda kutembea. Twawatakia safari njema. Waende, wafurahi, wayaone mazuri ya nchi yao. Lakini kabla hawajafunga mizigo yao, wazazi wawafundishe kwamba kurudi nyuma kwa wakati si woga. Ni heshima kwa wale wanaowangoja nyumbani, na kwa wale ambao wangetumwa kuwatafuta usiku.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini njia rahisi yaweza kuwa hatari kuliko njia ngumu?
2. Kati ya Bachleda aliyeendelea na mkuu wake aliyeamuru kurudi, kila mmoja atufundisha nini?
3. Katika safari yetu ijayo, nani atachagua saa ya kugeuka, nasi tutamtii?