Haki au Ruhusa? Maneno ya Kuzungumzia Bunduki Nyumbani

 

Somo hili halikuwa kwenye ratiba. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunatunga sentensi zinazoanza na "Nikikua nita…" Mmoja alisema atakuwa rubani, mwingine atafuga mbuzi kama babu yake. Kisha mtoto wa miaka tisa akasimama: "Nikikua nitanunua bunduki, kwa sababu ni haki yangu." Sarufi ilikuwa safi, nikampa alama zake zote. Lakini jambo lenyewe si kweli, angalau si hapa Toronto, na darasa zima likaanza kubishana kwa Kiingereza. Basi leo tubishane kwa Kiswahili.

Tazama maneno mawili: haki na ruhusa. Haki unayo tayari. Anayetaka kukunyang'anya ndiye anayepaswa kujieleza. Ruhusa unaiomba, unapewa kwa masharti, na aliyekupa anaweza kuichukua. Kusoma ni haki yako. Kutoka darasani katikati ya somo ni ruhusa (na wengine wenu mnaiomba mara nyingi mno).

Mwenzetu alisikia neno "haki" kwenye video za Marekani, na huko hakukosea kulisikia. Katiba ya Marekani ilipata Marekebisho ya Pili mwaka 1791, nayo yanataja haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema haki hiyo ni ya mtu binafsi, hata kama hayumo katika jeshi lolote la wananchi. Ndiyo maana huko sheria nyingi mpya za bunduki huishia mahakamani.

Kanada ni tofauti. Mahakama ya Juu ya hapa ilisema mwaka 1993 kwamba Wakanada, tofauti na Wamarekani, hawana haki ya kikatiba ya kubeba silaha. Hapa unaomba leseni. Uwe na miaka 18, usome kozi ya usalama na kufaulu mtihani, na kama ni mara yako ya kwanza, usubiri siku 28. Fomu inakuuliza hata kuhusu mwenzi uliyeachana naye karibuni, kwa sababu bunduki inaweza kutisha watu ndani ya nyumba pia, si barabarani tu. Kubeba bastola mtaani eti ujilinde karibu hakuruhusiwi kabisa. Wazazi waliotoka Kenya au Tanzania hawatashangaa: huko pia raia humiliki silaha kwa kibali.

Kwa hiyo mjadala wa Kanada si kama raia ana haki hiyo. Ni ruhusa ipewe nani, ya bunduki ipi, na kwa masharti gani. Hapo ndipo watu wazima wanapogombana, na msidhani upande mmoja ni wa wajinga.

Tarehe 6 Desemba 1989, wanawake 14 waliuawa kwa bunduki katika chuo cha École Polytechnique, Montreal. Sheria kubwa ya silaha ya mwaka 1995 ilitokana na kilio hicho. Aprili 2020 mtu mmoja aliua watu 22 huko Nova Scotia, na tarehe 1 Mei serikali ikapiga marufuku aina kama 1,500 za bunduki za mtindo wa kivita. Oktoba 2022 ikazuia raia kuuziana bastola, na mswada C-21 ukawa sheria Desemba 2023.

Hapa kwetu tunakumbuka Danforth. Usiku wa tarehe 22 Julai 2018 mtu alipita akifyatua risasi kwenye mikahawa. Msichana wa miaka 18 na mtoto wa miaka 10 walikufa, wengine 13 wakajeruhiwa. Wiki hiyo hiyo baraza la jiji liliiomba serikali kuu ipige marufuku uuzaji wa bastola mjini. Bastola iliyotumika ilikuwa imeibwa Saskatchewan. Wanaounga mkono sheria kali husema: tazama, ilianza ikiwa halali. Wanaozipinga hujibu kwamba bastola nyingi wanazokamata polisi wa Toronto zimevushwa kwa magendo kutoka Marekani, na mhalifu haombi leseni. Mimi naona wote wawili wamesema kweli, ndiyo sababu mjadala hauishi.

Kuna na wawindaji. Mwishoni mwa 2022 serikali ilitaka kuongeza kwenye C-21 orodha ndefu iliyogusa bunduki za kuwindia. Carey Price, aliyekuwa mlinda lango wa Montreal Canadiens, anayetoka kwa wenyeji wa asili wa British Columbia, aliweka picha yake akiwa na bunduki, akipinga. Viongozi wa wenyeji wa asili nao walipinga, na Februari 2023 serikali ikaiondoa orodha hiyo. Hapa neno "haki" linarudi kwa mlango mwingine: wenyeji wa asili wana haki ya kuwinda inayotambuliwa na katiba. Haki ni ya kuwinda, lakini utawinda paa kwa mikono mitupu?

Sasa sarufi kidogo. Linganisha: "Alifyatua risasi." "Bunduki ilifyatuka." "Kijana alipigwa risasi." Ya kwanza ina mtendaji. Ya pili, kwa ile -ka ya mwisho, inafanya bunduki ionekane imejiamulia yenyewe, kama mtego wa panya. Ya tatu inamtaja aliyeumia na kumficha aliyeumiza. Zote ni Kiswahili sahihi, ila mkisoma habari jiulizeni kila mara: nani alifyatua? (Ndiyo, matofali pia hufyatuliwa. Muulizeni babu.)

Wazazi, neno moja kwenu. Wapo kati yetu waliotoka Kivu au Mogadishu, na kwao bunduki si mada ya mjadala, ni kumbukumbu. Wapo pia waliozika vijana wao katika jiji hili. Mtoto akiuliza na wewe huwezi kusimulia, mwambie tu, "Hilo nitakueleza siku nyingine." Usimwambie "nyamaza", maana atakwenda kuuliza video.

Na jambo ambalo wengi tunaona haya kuliuliza: mtoto anapokwenda kulala kwa rafiki. Sheria inataka bunduki ihifadhiwe bila risasi ndani na ikiwa imefungwa kwa kufuli, lakini sheria haipo sebuleni kwa watu. Jizoezeni kusema hivi, kwa sauti ileile mnayoulizia kama kuna mbwa: "Samahani mama, kabla sijamwacha mtoto, naomba kuuliza: hapa nyumbani kuna bunduki? Imefungiwa wapi?" Mwenye bunduki aliye makini hatachukia, pengine atakuonyesha kabati lenyewe.

Kazi ya nyumbani

Tunga sentensi mbili zenye "haki" na mbili zenye "ruhusa", kutoka maisha yako mwenyewe, bila bunduki ndani.

Badilisha "Bunduki ilifyatuka sokoni" iwe sentensi yenye mtendaji.

Mzee na mtoto mjadiliane dakika kumi: je, Kanada ifanye vyema kupiga marufuku bastola zote? Mtoto achague upande kwanza. Tumieni "naunga mkono kwa sababu…", "napinga kwa sababu…" na "hapo nakubaliana nawe, lakini…" Baada ya dakika tano badilishaneni pande. Jumamosi kila mtoto atatusomea hoja bora aliyoisikia kutoka upande asioupenda.