Dondoo muhimu: Filta ya hewa kwa gari dogo lenye injini kali

Mwenye Golf GTI au Swift Sport anayepanda Mlola huko Lushoto achague filta bapa inayokaa ndani ya boksi lake la asili, aiache ile ya koni iliyo wazi. Koni hunguruma vizuri, lakini huvuta hewa ya moto inayozunguka injini, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo. Tena vumbi la barabara za udongo likipenya husaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Wapo wanaosema hewa ya mlimani ni nyepesi, hivyo filta iwe wazi zaidi. Hoja hiyo haisimami: kwenye meta 1,400 za Lushoto hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 13 kabla haijaingia garini, na hakuna filta inayoirudisha. Filta bapa ya pamba huoshwa na kutumika tena, na hiyo ni akiba ya kweli. Ila mafuta inayopakwa baada ya kuoshwa yakizidi huchafua sensa ya hewa.

Unapofunga, futa boksi kwa kitambaa chenye unyevu, hakikisha mpira wa ukingo umelala pande zote, kisha bana klipu. Baadaye ukikuta vumbi upande wa injini, filta haikukaa sawa: ifungue, uifunge upya.