Kuondoa Zebaki Katika Jino

Ndugu, labda tundu la jino lako lilizibwa zamani kwa madini yenye rangi ya fedha. Karibu nusu ya madini yale ni zebaki. Iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Umesikia kwamba zebaki ni sumu. Ni kweli. Lakini usiyachokoe kwa kisu wala msumari. Yakiwa mazima, yaache, kwa maana kuyakata kunatoa mvuke wa zebaki kuliko kuyaacha.

Yakivunjika, au jino likioza chini yake, nenda kwa mganga wa meno. Mama mwenye mimba amwambie kwanza. Kama hana maumivu, afadhali angoje hata azae.

Mganga afanye hivi:

1. Afungue madirisha.
2. Ayakate vipande vikubwa, asiyasage.
3. Amwagie jino maji wakati wote, na mashine ivute maji na mvuke.
4. Vipande avitie katika chupa yenye kifuniko. Asivichome motoni, wala asivitupe mtoni. Zebaki ya mtoni huingia katika samaki, na samaki tunawala sisi.

Mungu ametupa mwili tuutunze. Na mwili wa jirani vilevile.