Kiti cha Magurudumu Kinachofaa Boma Lako

Familia nyingi huanza kusaka kiti cha magurudumu siku mgonjwa ameshindwa kabisa kuinuka kitandani. Kufikia hapo hakuna anayeuliza ni kiti cha aina gani. Chochote kitakacholetwa hupokelewa kwa shukrani. Afadhali kuanza mapema, mama anapoanza kushika ukuta akienda msalani, au mzee anapoacha kwenda kanisani kwa kuwa njia imemshinda.

Anza hospitalini. Mguu na mkono wa upande mmoja vikiishiwa nguvu ghafla, au mdomo ukipinda, huenda ni kiharusi: mkimbize mgonjwa saa hiyo hiyo. Udhaifu unaokuja polepole nao una chanzo chake, iwe ni magoti, kisukari, mgongo au nyonga iliyovunjika baada ya kuanguka. Katika hospitali ya kaunti ndogo pale Likuyani, Kaunti ya Kakamega, uliza mtaalamu wa tiba ya viungo. Ukipewa rufaa, kumbuka kwamba kwa wakazi wa Matunda na Soy, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret iko karibu kuliko Kakamega mjini. Pengine utaambiwa fimbo au fremu ya kutembelea inatosha kwa sasa, au kiti kitumike safari ndefu tu. Anayeweza kutembea hatua chache nyumbani aendelee kuzitembea, kwa sababu misuli isiyotumika hunyauka haraka.

Pamoja na matibabu, shughulikia usajili wa mgonjwa kama mtu mwenye ulemavu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Usajili husimamiwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya 2003, na ambalo lina hazina ya kusaidia kununua vifaa kama hivi. Mgonjwa hufanyiwa tathmini na madaktari wa hospitali iliyoidhinishwa, ripoti ikatiwa sahihi, kisha maombi ya kadi ya ulemavu yakatumwa kupitia eCitizen. Asiye na simu ya intaneti asaidiwe na kijana wa nyumbani. Maombi ya kiti ni hatua nyingine, nayo huchukua muda. Ndiyo maana nasisitiza msingoje.

Sasa kiti chenyewe, na hapa ndipo familia nyingi huumia. Kiti kikubwa kupita kiasi humfanya mtu aegemee upande mmoja mpaka mgongo upinde. Kikiwa chembamba, kinambana nyonga na kuchubua ngozi. Mketishe mgonjwa wima kwenye kiti kigumu, umpime upana wa nyonga: kiti kizidi kidogo tu, kiasi cha kupenyeza vidole kila upande. Pima toka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, upunguze sentimita 3 hadi 6, ili ukingo wa kiti usimkate. Miguu ikae imara kwenye vikanyagio, isining'inie. Vipimo hivi viandike, uende navyo kokote utakakoomba au kununua kiti. Mfadhili mwema atashukuru kuvipata.

Kisha pima nyumba. Mlango wa chumba una upana gani, na wa choo je? Choo cha shimo kilicho nyuma ya boma, chenye ngazi mbili za udongo, kinaweza kumfungia mtu ndani hata akiwa na kiti kizuri. Mteremko wa kupandia uwe mpole: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji njia ya mlalo ya kama sentimita 180. Fundi wa mawe wa kijijini anaweza kuujenga.

Viti vyenye magurudumu madogo ya mbele, vya kutumika kwenye korido za hospitali, hukwama kwenye matope ya Likuyani mvua zikianza. Kwa boma lililo mbali na lami, uliza kiti cha magurudumu matatu, chenye gurudumu kubwa la mbele lililosogezwa mbali; hicho hupita kwenye mashimo bila kupinduka kwa urahisi. Hakiingii kila chumba, kwa hiyo linganisha na vipimo vya milango yako. Shirika la APDK (Association for the Physically Disabled of Kenya), lililoanzishwa 1958, hutengeneza viti hapa hapa Kenya.

Usikubali kiti bila mto wake. Anayekaa kutwa nzima, hasa asiyehisi vizuri miguu, hupata vidonda vya shinikizo, na vidonda hivyo huua. Kila nusu saa ainame mbele au aegemee pembeni kwa muda. Jioni kagueni makalio na mwisho wa uti wa mgongo. Wekundu au weusi usiopotea ni ishara ya kurudi kwa daktari.

Mpeni mwenyewe nafasi ya kuamua: mwulizeni mama anataka kwenda wapi na kiti hicho, shambani, sokoni au kwa jirani, na nani amsukume. Mfundisheni kufunga breki kabla ya kuinuka. Kwenye mteremko mkali, anayesukuma ateremke kinyumenyume, mgongo wake ukiwa upande wa bondeni.

Matairi ya hewa huzibwa na fundi wa baiskeli yeyote pale Matunda au Moi's Bridge, na boliti zinazolegea hukazwa hapo hapo. Hali ya mgonjwa ikibadilika, akikonda au akilemea upande mmoja, rudini kwa mtaalamu apimwe upya.